Safari Ndefu na Miguu Iliyovimba
Kwa wenye ugonjwa wa moyo na wanaosafiri nao

Basi linaingia stendi ya Kahama jioni. Abiria wanashuka. Mmoja anashuka polepole, viatu viko mkononi. Asubuhi viatu hivyo vilimtosha vizuri. Sasa haviingii. Vifundo vya miguu vimejaa, ngozi inang'aa, na soksi zimeacha alama kama za kamba.

Waliosimama karibu watasema mengi. Mmoja atasema ni kukaa sana. Wa pili atasema ni uzee. Wa tatu atanong'ona kwamba mwenzetu amekanyaga dawa aliyotegewa njiani, apelekwe akachanjwe.

Huyo wa kwanza amesema nusu ya ukweli. Mtu mwenye afya njema naye huweza kuvimba miguu kidogo akikaa saa kumi ndani ya basi. Akilala usiku mmoja, asubuhi miguu imerudi. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa moyo akivimba, mara nyingi uvimbe haurudi kwa usingizi wa usiku mmoja. Kesho unapanda ugokoni. Kesho kutwa unafika magotini. Huyo anahitaji kujua jambo la kufanya kabla ya safari, ndani ya basi, na baada ya kufika.

Watu wa Shinyanga, Kahama, Geita, Bukombe na Mbogwe husafiri mbali kutafuta matibabu ya moyo. Wengi huenda Mwanza, Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Wengine hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015. Kutoka Kahama hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Kwa hiyo mgonjwa wa moyo wa kwetu ni msafiri, apende asipende.

MOYO NI PAMPU

Wazee wa Shinyanga wanakumbuka visima vifupi vilivyochimbwa vijijini kati ya mwaka 1974 na 1978 kwa msaada wa Uholanzi. Visima hivyo vilifungwa pampu za mkono. Mtu aliyewahi kuvuta mpini wa pampu ile ameshaelewa nusu ya habari ya moyo.

Moyo una ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Kwa siku moja moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi. Kila dakika husukuma lita 5 hivi za damu. Ukipiga hesabu ya siku nzima unapata zaidi ya lita 7,000. Hayo ni mapipa 35 ya lita 200. Pampu ya kijiji ina fundi na ina siku ya kupumzika. Moyo hauna siku hiyo.

Ndani ya pampu kuna ngozi inayofungua na kufunga ili maji yapande na yasirudi chini. Ndani ya moyo pia kuna milango midogo ya namna hiyo. Ngozi ya pampu ikichakaa, unavuta mpini sana lakini maji yanatoka kidogo. Moyo ukichoka, au milango yake ikiharibika, huwa hivyo hivyo. Hupiga haraka, lakini damu inayosukumwa ni kidogo. Waganga huita hali hii moyo kushindwa kufanya kazi. Wananchi wengi husema "moyo umetanuka". Maneno hayo yanatisha, lakini hayana maana kwamba moyo umesimama. Maana yake ni kwamba moyo unafanya kazi kwa shida.

Sasa miguu inaingiaje hapa? Mkulima wa mpunga anajua. Mfereji ukiziba mbele, maji hurudi nyuma na kujaa kwenye majaruba. Damu inayotoka miguuni kurudi kwenye moyo inakuta njia imejaa. Inasubiri. Ikisubiri, maji yake huchujika kutoka kwenye mishipa na kuingia katika nyama. Na kwa kuwa maji hutelemka, hujaa kwanza chini kabisa, kwenye vifundo. Mgonjwa anayelala kitandani siku nyingi huvimba mgongoni na matakoni, kwa sababu huko ndiko chini kwake.

Kuna jambo la pili. Figo zinaona damu inakuja kidogo. Figo hazijui kwamba moyo umechoka. Zinadhani mwili umekauka, kama mtu aliyepotea porini wakati wa kiangazi. Basi zinazuia chumvi na maji visitoke. Mkojo unapungua. Chumvi inabaki mwilini, na chumvi hushika maji. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa wa moyo huambiwa kila mara apunguze chumvi.

Unaweza kujipima mwenyewe. Bonyeza ugoko juu ya kifundo kwa kidole gumba, hesabu pole pole mpaka kumi na tano, kisha ondoa kidole. Ukiona shimo limebaki, ujue kuna maji.

Safari ya basi huongeza tatizo hili. Tunapotembea, misuli ya shavu la mguu hukaza na kulegea. Kila ikikaza inasukuma damu juu. Ni pampu ya pili, inayousaidia moyo. Ukikaa kwenye kiti umekunja magoti toka alfajiri mpaka jioni, pampu hiyo imelala. Kwenye pikipiki ni hivyo hivyo, miguu inaning'inia. Na watu wa Shinyanga, ambao hubebana sana kwa baiskeli, wajue kwamba anayenyonga pedeli miguu yake inafanya kazi, lakini aliyekaa nyuma kwenye keria miguu yake imelala.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Ni nafuu kwa wengi. Lakini kwa mgonjwa wetu, kulala usingizi akiwa amekaa, miguu chini, kwa saa nane, si kupumzika.

NINI KINACHOHARIBU MOYO HUKU KWETU

Kwa watu wazima sababu kubwa ni presha, yaani damu kusukuma kwa nguvu mno kwenye mishipa kwa miaka mingi. Presha haiumi. Mtu analima, anachunga, anachimba, na moyo wake unachoka kidogo kidogo. Siku miguu inapovimba ndipo anapimwa kwa mara ya kwanza.

Kwa watoto na vijana kuna ugonjwa mwingine unaoanzia kooni. Mtoto anaumwa koo, anapona. Baada ya wiki chache anaumwa viungo, goti leo, kiwiko kesho. Ugonjwa huo wa viungo ukirudi rudi huharibu ile milango ya moyo. Mtoto aliyekwisha kupata ugonjwa huo huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Hapo ndipo kuhama hama kunapoleta hasara. Dhahabu ikionekana mahali papya, familia nzima hufunga mizigo. Turubai jipya, kijiji kipya, na kadi ya sindano imebaki kule walikotoka. Wazazi wanaohama na mtoto kama huyo wabebe kadi ile kama wanavyobeba fedha.

Wapo akina mama ambao moyo huchoka mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Mama huyu akisema anakosa pumzi akilala, asiambiwe ni uchovu wa mtoto.

Kifua kikuu nacho huweza kujaza maji kwenye mfuko unaozunguka moyo. Na kwa ndugu zetu wanaosaga mawe kwenye karasha, au wanaochoronga mwamba bila maji, kuna vumbi la mawe. Vumbi hilo huganda katika mapafu na kuyafanya magumu. Upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenda mapafuni, hupata kazi nzito mpaka ukashindwa. Miguu ikavimba. Mchimbaji anadhani ni maji ya shimoni, kumbe ni vumbi la miaka kumi iliyopita. Kitambaa kilicholowa maji na kufungwa puani hupunguza kidogo tu. Kulowanisha mawe kabla ya kusaga kunasaidia zaidi.

Ni haki pia kusema kwamba si kila mguu uliovimba ni wa moyo. Figo zikiharibika, uvimbe huonekana sana usoni, kuzunguka macho, wakati wa asubuhi. Ini likiharibika, kwa kichocho cha muda mrefu kwa mfano, tumbo ndilo hujaa zaidi. Mama mjamzito akivimba mikono na uso na kuumwa kichwa, apelekwe upesi, kwani huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Hata dawa moja ya presha inayotumiwa na wengi, amlodipini, huwavimbisha watu wengine vifundo. Ukihisi ni dawa hiyo, usiiache mwenyewe. Mwambie mganga, aibadilishe yeye.

DAWA YA KUKOJOA NA HABARI YA ZEBAKI

Dawa ambayo wagonjwa wengi wa moyo wanaijua kuliko zote ni kidonge cha kutoa maji. Jina lake ni furosemaidi. Wengi huiita Lasix. Hufanya figo ziachie chumvi, na chumvi ikitoka maji huifuata. Ukimeza, baada ya saa moja hivi unaanza kukojoa, na nguvu yake huendelea kwa saa sita hivi.

Kabla ya kidonge hicho binadamu walihangaika sana. Uingereza alikuwako daktari aitwaye William Withering. Mwaka 1775 aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya mitishamba ya bibi kizee mmoja, aliyekuwa akiwatibu watu waliovimba miili na wengine wakapona. Dawa ile ilikuwa mchanganyiko wa majani zaidi ya ishirini. Withering aliyachunguza akaona kwamba jani lenye kazi lilikuwa moja tu, la mmea wenye maua kama vikengele. Alilipima kwa wagonjwa kwa miaka kumi, akiandika kila kitu: nani alipona, nani alitapika, nani alikufa. Mwaka 1785 alitoa kitabu. Dawa ya digoksini, inayotolewa mpaka leo kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo, ni ya jamii hiyo. Jani lile ni sumu kali likizidi kidogo tu. Kazi kubwa ya Withering ilikuwa kupima kipimo.

Naisimulia habari hii kwa sababu wapo wanaosema hospitali inadharau miti shamba. Haikudharau. Ilikwenda kwa bibi, ikauliza, ikapima. Lakini chupa ya majani usiyojua kipimo chake, ikinywewa pamoja na vidonge vya moyo, inaweza kukuua. Ukiwa unatumia dawa za kienyeji, mwambie daktari waziwazi. Usione haya.

Habari ya pili itawashangaza wachimbaji. Mwaka 1919, mjini Vienna katika nchi ya Austria, mgonjwa wa kaswende alikuwa akichomwa sindano yenye zebaki. Wauguzi walikuwa wakipima mkojo wake kila siku. Mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa zamu akaona kwamba kila siku ya sindano mkojo uliongezeka sana. Kwa miaka kama arobaini baada ya hapo, wagonjwa wa moyo waliovimba walichomwa sindano za zebaki ili wakojoe. Ndiyo, zebaki, ile ile inayotumiwa Geita na Kahama kukamatia dhahabu. Iliwatoa maji, na iliwadhuru baadhi yao. Vidonge vipya vilipopatikana, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, madaktari waliiacha zebaki kwa furaha. Furosemaidi ilifuata katika miaka ya 1960.

Basi asije mtu akakuambia kwamba zebaki ni dawa. Zebaki huharibu figo, na figo zikiharibika miguu huvimba kweli kweli. Huko Nairobi madaktari waliandika mwaka 1972 juu ya watu wazima waliovimba miili kwa figo kuvujisha protini. Wengi wao walikuwa wametumia mafuta ya kujichubua ngozi, na ndani ya mafuta yale mlikuwa na zebaki. Moshi wa kuchomea dhahabu jikoni, watoto wakiwa karibu, nao ni zebaki.

KABLA YA KUKATA TIKETI

Nenda zahanati siku tatu au nne kabla ya safari. Omba upimwe uzito na presha. Uzito ndio unaoeleza habari ya maji kuliko macho. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili au tatu, hukunenepa. Hayo ni maji. Lita moja ya maji ina kilo moja. Mtu aliyeongezeka hivyo, au anayekosa pumzi kwa kutembea toka nyumbani hadi kisimani, aonwe na mganga kwanza. Safari isubiri.

Omba karatasi yenye jina la ugonjwa wako, majina ya dawa na vipimo vyake. Ikunje, iweke mfukoni mwa shati au ndani ya pochi. Dawa nazo usiziweke kwenye begi linaloingia buti ya basi. Watu wengi hufanya hivyo. Basi likiharibika usiku porini kati ya Igunga na Singida, nani atakufungulia buti? Dawa zikae mkononi mwako, na ziwe za siku zaidi ya zile za safari.

Hapa kuna tatizo ambalo wagonjwa hawalisemi kwa mganga. Wanaogopa kukojoa njiani. Mama mtu mzima anajua kwamba akimeza kidonge chake alfajiri, atabanwa kabla basi halijafika Nzega. Atamwomba kondakta mara moja, mara ya pili atasikia abiria wakiguna. Kwa hiyo anaacha kidonge. Anaacha siku ya kwenda, na siku ya kurudi anaacha tena. Akifika, miguu ni magogo na pumzi ni fupi. Wakati mwingine safari hiyo ilikuwa ya kwenda kliniki yenyewe!

Mazungumzo yake na muuguzi yangeweza kuwa hivi:

"Mwangaluka mayu. Safari lini?"

"Mwangaluka mwanangu. Kesho kutwa, naenda Mwanza. Lakini kile kidonge cha kukojoa sitakimeza siku hiyo."

"Kwa nini, mama?"

"Mwanangu, mimi nitachimba dawa mara ngapi barabarani, mtu mzima kama mimi?"

"Usikiache, mama. Basi linaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Naambiwa nitafika mchana."

"Basi ngoja nimuulize daktari kama unaweza kukimeza ukifika, saa tisa alasiri. Choo kitakuwa karibu."

Kwa wagonjwa wengi inawezekana kusogeza saa ya kidonge namna hiyo. Lakini mganga wako ndiye aseme, maana wapo wasiofaa kusogezewa. Kwa safari ya siku nzima au ya usiku kucha kidonge hakiwezi kusubiri mpaka ufike. Kaa kiti cha kwenye njia, karibu na mlango. Mwambie kondakta kabla gari halijaondoka: mimi ni mgonjwa wa moyo, natumia dawa ya kukojoa, nitaomba mnisimamishie. Sema kwa sauti, na abiria wa karibu wasikie. Watu wetu si wabaya. Wanaguna wakiwa hawajui.

Na usijinyime maji kabisa ili usikojoe. Daktari akikupimia kiasi cha maji cha siku, fuata kiasi hicho. Ukisafiri mwezi wa kumi, jua kali na madirisha yamefungwa, halafu unatumia dawa za kutoa maji bila kunywa kitu, utaona kizunguzungu na unaweza kuanguka ukisimama. Ukiharisha au kutapika safarini, muulize mganga haraka kuhusu vidonge hivyo.

NDANI YA BASI

Vaa kiatu kinacholegezwa. Makatambuga ni mazuri kuliko viatu vya ngozi vya kufunga. Soksi yenye mpira unaobana juu iache nyumbani. Usifunge kamba wala kitambaa mguuni kwa nia ya kuzuia uvimbe usipande. Zipo soksi maalumu za kubana mguu, lakini hizo si za kila mgonjwa wa moyo. Avae aliyeambiwa na daktari.

Usikubali kuwekewa gunia la mchele mbele ya miguu mpaka magoti yafike kidevuni. Miguu inahitaji nafasi. Kila nusu saa inua visigino, vidole vikiwa chini. Kisha inua vidole, visigino vikiwa chini. Fanya hivyo mara ishirini. Zungusha vifundo. Unaiamsha ile pampu ya pili. Basi likisimama, shuka utembee hata kama huna haja ya choo.

Hapa niseme jambo kuhusu Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa mwezi Juni 2025. Zamani msafiri wa Geita kwenda Mwanza alisubiri kivuko. Alishuka kwenye gari, akatembea, akasimama, akapanda kivuko kwa miguu. Kusubiri kule kuliwaua wengine waliokuwa mahututi, na hakuna mtu anayekutamani. Sasa gari linapita juu ya ziwa kwa dakika chache. Lakini ile nafasi ya kunyoosha miguu imeondoka pamoja na kivuko. Mgonjwa aitafute mahali pengine, Sengerema au Usagara, gari linaposimama.

Chakula cha njiani kina chumvi nyingi. Mtu mzima mwenye afya anatakiwa asizidishe kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi kwa siku nzima, yaani gramu 5, ikiwa ni pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Sahani moja ya chipsi na mishikaki inaweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho. Samaki wa kayabo, aliyekaushwa kwa chumvi, mwache kabisa. Na kuna kitu wengi hawakihesabu: magadi. Maharage na mboga zilizopikwa kwa magadi zina madini yale yale yaliyomo kwenye chumvi, hata kama ulimini huonji chumvi.

Mgonjwa afunge chakula chake nyumbani. Michembe iliyochemshwa na karanga bila chumvi ni chakula kizuri cha safari, haiharibiki upesi, na hakuna anayekuuzia kwa bei ya stendi. Viazi vitamu vya kuchemsha vinafaa. Kwa ladha, kamulia ndimu.

Ukiumwa mgongo kwa barabara mbaya, usikimbilie duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huzuia chumvi na maji mwilini, na huharibu figo zilizokwisha choka. Wapo wagonjwa wa moyo waliokuwa na nafuu, wakameza vidonge hivyo kwa siku tatu, wakalazwa wamejaa maji. Parasitamoli ya kawaida ni afadhali. Lakini vile vidonge vinavyotoa povu kwenye glasi ya maji vina chumvi ndani yake.

Usimruhusu mtu akuchanje wembe kwenye mguu uliovimba ili maji yatoke. Maji yatatoka, ndiyo. Lakini kidonda cha mguu wenye maji hakiponi upesi, na vijidudu huingia hapo.

SHUKA, SAFARI IISHIE HAPO

Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, hasa kwenye shavu la mguu, si jambo la moyo la kawaida. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa kwa kukaa muda mrefu. Bonge hilo likichomoka hukimbilia mapafuni. Usiukande mguu huo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukikosa pumzi hata umekaa, ukikohoa makohozi yenye povu la rangi ya damu, kifua kikikubana kama kimewekewa jiwe, au ukizimia, usiseme "nitafika tu Dar es Salaam". Shuka mji wa karibu wenye hospitali. Kwenye barabara ya kutoka Kahama na Shinyanga ipo miji ya Nzega, Igunga, Singida na Manyoni. Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa. Tiketi iliyopotea itanunuliwa nyingine. Anayesafiri na mgonjwa asimlaze chali kwa kumhurumia. Amkalishe, mgongo ukiegemea, miguu ikiwa chini, mpaka wafike kwa mganga.

UKIFIKA

Lala, na miguu iwe juu kidogo kuliko moyo, juu ya mto au nguo zilizokunjwa, kwa nusu saa au zaidi. Lakini anayekosa pumzi akilala asifanye hivyo. Yeye akae. Hesabu mito unayolalia. Kama nyumbani ulilalia mmoja na sasa unahitaji mitatu ndipo upumue, mwambie daktari jambo hilo kwanza, kabla ya habari za miguu.

Asubuhi, ukishakojoa na kabla ya kula, pima uzito kliniki au kwenye duka la dawa lenye mizani. Andika namba hiyo kwenye ile karatasi, na tarehe. Wewe unayesoma gazeti hili unaweza kuandika namba mbili kwa siku. Daktari anayeona namba za siku saba mfululizo anajua zaidi kuliko anayeona mguu mmara moja.

Kisha hesabu vidonge vilivyobaki. Kama ni vya siku tatu, na safari ya kurudi kijijini ni ya siku mbili, nenda dirisha la dawa kabla hujaenda kukata tiketi.